Mkono Unapokaza Kazini: Namna ya Kuulegeza, Kujua Chanzo na Kuuzuia Usikaze Tena

Pita kwenye baraza za maduka Moshi mjini mida ya alasiri, pale mafundi cherehani walipopanga mashine zao, uangalie mikono. Yupo anayeweka mkasi chini na kuutikisa mkono kama anakung'uta maji. Yupo anayetumia mkono wa kushoto kuvikunjua vidole vya kulia, kimoja kimoja. Na yupo ambaye kidole kimoja tu kimegoma: anakivuta, kinalia "tak", kinanyooka. Ukiwauliza wote watatu, jibu ni lilelile: "Misuli imekaza." Na wote watatu wana kichupa kilekile cha dawa ya kuchua mezani.

Hayo ni matatizo matatu tofauti. Wa kwanza huenda neva yake imebanwa, wa pili ana msuli uliochoka, wa tatu ana kano (kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa) inayonasa. Hapa tutaanza na kuulegeza mkono uliokaza dakika hii, kisha utajipima ujue wewe ni yupi. Sehemu ndefu ni ya kurekebisha kazi yenyewe, maana naona hapo ndipo wengi wangepata nafuu bila kupita duka la dawa.

Kama mkono umekaza sasa hivi

1. Weka kifaa chini. "Ngoja nimalizie hapa kidogo" ndiyo inayozidisha maumivu.

2. Nyoosha mkono mbele, kiwiko kisikunjwe, kiganja kitazame mbele na vidole vielekee juu. Kwa mkono mwingine shika vidole vinne kwa pamoja, uvivute taratibu kuja kwako mpaka usikie mvuto kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Shikilia sekunde 20 hadi 30 huku ukipumua kawaida. Usivute kwa kushtukiza, kwani msuli unaovutwa ghafla hujibu kwa kujikaza zaidi.

3. Kidole gumba kikiwa kimejikunja kuingia kiganjani, anza na hicho. Kishike kwenye shina, si kwenye ncha, ukifungue kidogo kidogo.

4. Mkono ukianza kulegea, jaribu kuvifungua vidole kwa nguvu zake wenyewe, bila msaada. Misuli inayofungua vidole ikifanya kazi, ile inayovifunga hupata amri ya kulegea.

5. Chua kigasha, si kiganja peke yake. Hili watu wengi hawalijui. Weka vidole vya mkono wa kushoto upande wa ndani wa kigasha cha kulia, chini kidogo ya kiwiko, kisha kunja na kukunjua vidole vya kulia. Utasikia nyama ikicheza. Misuli mikubwa inayokunja vidole iko huko juu. Inayofika vidoleni ni kano tu. Kwa hiyo chua kwa gumba kuanzia karibu na kiwiko ukishuka, dakika mbili tatu, kwa mafuta yoyote uliyo nayo. Nguvu iko kwenye kuchua, si kwenye harufu ya mafuta.

6. Kama ni baridi, tumbukiza mkono na sehemu ya kigasha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi. Mwenye kisukari au mkono wenye ganzi amwombe mtu mwingine apime joto la maji, kwa sababu unaweza kuungua bila kusikia.

Kuna mkazo mmoja wa pekee: mikono yote miwili inakaza kwa pamoja, vidole vinajikusanya vikiwa vimenyooka, na midomo inawashawasha. Ukimkuta hivyo mtu aliyepatwa na hofu, aliyepokea habari ya msiba au aliyelia sana, mara nyingi ni kupumua harakaharaka. Kupumua hivyo hutoa hewa ya kaboni nyingi mwilini, na kalsiamu inayotumika kwenye neva hupungua kwa muda. Mkalishe, mwambie avute pumzi kwa pua na kuitoa polepole kwa mdomo. Usimfunike mdomo kwa mfuko. Ushauri huo ni wa zamani na una hatari. Asipotulia, au kama hakukuwa na jambo lolote la kumshtua, mpeleke hospitali.

Hali ambazo si za kuchua

Hizi ni za kwenda hospitali leo, hata kama ni usiku.

Taya linakuwa gumu kufunguka au shingo inakakamaa baada ya kidonda, hata kidogo cha msumari au jembe: hiyo inaweza kuwa pepopunda. Mkono umelegea ghafla upande mmoja, mdomo umeenda pembeni au maneno hayatoki vizuri: hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vingine. Umechomwa na mwiba au sindano, na sasa kidole kizima kimevimba, kimejikunja, na ukikinyoosha hata kidogo unaona nyota: kuna usaha kwenye ala ya kano, yaani mfuko unaoifunika, na ukichelewa unaweza kupoteza kidole.

Wakulima wa nyanya, vitunguu na maua wasikilize hili vizuri. Ukishapuliza dawa ya wadudu, kisha misuli ikaanza kuchezacheza yenyewe, mate na jasho vikakujaa, mboni za macho zikawa ndogo na kifua kikabana, hiyo ni sumu. Vua nguo zote, oga kwa maji mengi na sabuni, na uende na chupa ya ile dawa au lebo yake. Daktari akijua jina la sumu haanzi kwa kubahatisha.

Aliyefanyiwa upasuaji wa goita naye akisikia vidole na midomo inawashawasha, na mikono inakaza, arudi hospitali haraka. Tezi ndogo zinazotunza kalsiamu ziko nyuma ya ile iliyopasuliwa, na zinaweza kuwa zimeguswa.

Ni vidole gani, na ni saa ngapi?

Maswali haya mawili yana thamani kuliko vipimo vingi.

Msuli uliochoka hukaza katikati ya kazi au mara tu baada yake. Huuma kigashani na kwenye nyama ya gumba, hauna ganzi, na siku ya mapumziko hausikiki.

Ganzi ikishika gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, ikakuamsha usiku wa manane mpaka ukautikisa mkono ndipo ukapata nafuu, fikiria neva ya kati. Neva hiyo hupita kwenye kifundo cha mkono ndani ya njia nyembamba, ikisongamana na kano tisa. Kitu chochote kikivimba humo, inayoumia ni neva. Jipime: kutanisha migongo ya mikono yako mbele ya kifua, vidole vikitazama chini, ukae hivyo dakika moja. Ganzi ikija kwenye vidole hivyo, dalili imejitokeza. Hali hii huwapata sana wajawazito, hasa miezi mitatu ya mwisho, na kwa wengi huondoka baada ya kujifungua. Huwapata pia wenye kisukari na wenye tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu.

Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, tatizo mara nyingi liko kwenye kiwiko. Ni neva ileile inayokupiga shoti ukigonga kiwiko mlangoni. Neva hiyo hubanwa kwa kuongea na simu muda mrefu mkono ukiwa umekunjwa, kulala na mkono umekunjwa chini ya kichwa, au kuegemeza kiwiko kwenye dirisha la gari kutoka Arusha hadi Moshi.

Kidole kinachonasa kikiwa kimekunjwa, hasa asubuhi, kisha kinafyatuka, ni kano iliyovimba inayokwama kwenye ala yake. Bonyeza kiganjani kwenye shina la kidole hicho. Utakuta pamevimba kama punje na panauma. Usikifyatue mara kwa mara kwa ajili ya kufurahisha watoto.

Maumivu upande wa gumba kwenye kifundo ni ya kina mama wenye watoto wachanga na ya wanaokamua. Ukimnyanyua mtoto kwa makwapa huku magumba yamesimama, kano mbili za gumba husuguliwa. Mnyanyue kwa kupitisha viganja chini ya makalio na mgongo.

Kuna na ule mkono unaokaza kwa kazi moja tu. Unashika kijiko vizuri, unapiga ngumi vizuri, ila ukishika kalamu vidole vinajipinda vyenyewe tangu mstari wa kwanza. Hapo msuli hauna kosa, ni ubongo unaotuma amri zisizo sahihi. Kunyoosha hakusaidii sana. Anahitajika daktari wa mishipa ya fahamu, na usikubali mtu akuambie kuwa ni uvivu wa kuandika au kwamba umelogwa.

Mwenye kisukari ajaribu kubana viganja viwili kwa pamoja kifuani. Vidole visipogusana bapa, mikono inaanza kuwa migumu kwa sababu ya sukari, na kuidhibiti sukari hiyo ndiyo tiba ya kwanza. Baridi yabisi nayo ina sura yake: viungo vya mikono yote miwili vimevimba, na asubuhi mikono inachukua saa nzima au zaidi kulegea. Mkono ukikaza kwa dakika mbili na kuachia, siyo hiyo.

Wakazi wa upande wa Mlima Meru huuliza kuhusu maji. Ni kweli maji ya baadhi ya maeneo huko yana floraidi nyingi, meno ya kahawia ni ushahidi, na kwa miaka mingi floraidi inaweza kukakamaza mifupa na viungo. Ila ugumu huo huja polepole na hukaa. Hauji saa tisa alasiri ukaondoka saa tisa na robo.

Rekebisha kazi kabla ya kuulaumu mwili

*Fundi cherehani.* Anza na mkasi. Mkasi butu unakufanya utumie nguvu maradufu kwa kila mkato, na kwa siku moja mikato ni mingi mno. Mpe anayenoa kwa baiskeli, kisha angalia skrubu ya katikati: ikiwa imekazwa sana, ilegeze kidogo na utie tone la mafuta ya cherehani. Mkasi ulio sawa hufunguka kwa gumba peke yake. Punguza tabaka za kitambaa. Najua ukikata vitenge sita kwa pamoja unaokoa muda, lakini muda huo unaulipa usiku mkono ukiwa hauna raha. Kata mezani, urefu wa kiunoni, ule wembe wa chini ukitambaa juu ya meza ili usiubebe mkasi hewani. Tundu la gumba likiwa limekuchora alama nyekundu, lizungushie kitambaa laini. Fundi wa mkono wa kushoto atafute mkasi wa kushoto; ule wa kawaida unamlazimisha kuupinda mkono isivyo kawaida ili makali yakutane.

Sindano butu ya cherehani nayo inakufanya usukume kitambaa badala ya kukiongoza. Ibadilishe. Kwa kazi ya mkono, vaa subana, ile kofia ya kidole, na usikubali kushika sindano fupi kwenye suruali ya jinzi.

*Mkamuaji.* Kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Uchagani ng'ombe wa bandani anakamuliwa asubuhi na jioni, na anayekamua mara nyingi ni yuleyule aliyetoka kukata majani na kuyabeba kichwani. Mkono wake umeshachoka kabla ya tone la kwanza. Osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu: ng'ombe anashusha maziwa vizuri, na vidole vyako vinapata joto. Ukishaosha anza, usiende kutafuta ndoo, kwa sababu ile nguvu ya kushusha maziwa hudumu dakika chache tu, na baada yake unakamua kwa misuli yako mwenyewe.

Kamua kwa kiganja kizima. Funga juu ya chuchu kwa gumba na kidole cha shahada, kisha bana kwa cha kati, cha pete na cha mwisho, ukishuka. Kuvuta kwa vidole viwili, au kukunja gumba na kuibana chuchu kwa kifundo chake, kunaumiza gumba na kunamuumiza ng'ombe pia. Paka mafuta ya kukamulia. Kigoda kiwe cha urefu utakaoacha vifundo vya mikono vimenyooka. Ukijikuta umeinua viwiko, kigoda ni kifupi.

*Dereva wa bodaboda.* Asubuhi ya Julai kutoka Ngaramtoni kwenda Arusha mjini, upepo unagandisha vidole na bado klachi inavidai kila baada ya hatua chache. Glovu si mapambo. Mwambie fundi alainishe waya wa klachi na asogeze mkono wa klachi uwe karibu, uufikie kwa katikati ya vidole badala ya ncha. Usiegemeze uzito wa mwili kwenye usukani, kwa maana shina la kiganja upande wa kidole cha mwisho lina neva, na mtikisiko wa barabara ya vumbi unaisugua kutwa nzima. Vidole vikigeuka vyeupe kabisa kwa baridi, kisha bluu, kisha vyekundu vyenye maumivu, hiyo ni mishipa ya damu kujibana. Mwonyeshe daktari, na kama unavuta sigara, acha.

*Mwanafunzi.* Geuza karatasi uliyoandika, upapase nyuma yake kwa kidole. Ukisikia matuta ya herufi, unakandamiza. Kalamu nyembamba inabanwa zaidi kuliko nene, hivyo izungushie mpira au karatasi na gundi mpaka inenepe. Andika kwa kusogeza kigasha chote, si vidole pekee. Mtihani wa saa tatu huwezi kuuzoea kwa kusoma tu. Fanya mazoezi ya kuandika majibu marefu wiki kadhaa kabla, na kati ya swali na swali weka kalamu chini sekunde kumi, mkono uanguke pembeni ya kiti.

Kwa msusi, mchuma kahawa, mpuliza dawa kwa bomba la mgongoni na anayeshinda kwenye simu, kanuni ni ileile: badilisha mkono inapowezekana, nenepesha mpini, na pumzika kidogo kila nusu saa badala ya kupumzika sana mara moja jioni.

Mazoezi ya asubuhi na jioni

Nyoosha vidole vyote. Vikunje kwenye viungo vya juu pekee, mashina yakibaki yamenyooka, kisha kunja ngumi kamili, kisha kunja vidole bila kukunja ncha zake, urudi mwanzo. Mara kumi, polepole. Baada ya hapo valisha vidole vitano mpira wa kufungia noti, uvifungue dhidi yake mara kumi na tano. Kazi zetu nyingi ni za kufumbata. Misuli ya kufumbua haipati mazoezi. Kubinyabinya mpira, zoezi ambalo kila mtu hushauri, sikushauri kwa mkono ambao umeshinda ukibinya.

Kwa ganzi ya usiku, mkono unatakiwa ulale ukiwa umenyooka kwenye kifundo. Banzi la duka la dawa, kile kifaa cha kuushikilia mkono usikunjike, linafaa. Ukikosa, kata boksi gumu, liwekee pamba au taulo dogo, ulifunge kwa bandeji kutoka katikati ya kigasha hadi kiganjani, vidole vibaki huru. Livae kila usiku kwa wiki sita kabla ya kusema halikusaidia.

Maji, chakula na dawa

Ukifanya kazi juani tambarare za chini ya Moshi, unapoteza maji na chumvi kwa jasho. Kunywa kidogo kidogo kutwa nzima. Ukiwa umehara au umetoka jasho jingi, tumia maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya kilima. Mbege haihesabiwi hapa, nayo pombe nyingi kwa miaka huharibu neva.

Kalsiamu ipo kwenye mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa na mboga za majani. Magnesiamu ipo kwenye maharage, karanga na mbegu za maboga. Potasiamu ipo kwenye ndizi na parachichi, vitu ambavyo huku havikosekani. Kula, lakini usitarajie ndizi itengue kazi ya mkasi butu. Vidonge vya magnesiamu vinauzwa sana, na watu wazima wengi hawaoni tofauti.

Angalia dawa unazotumia. Dawa za presha zinazoongeza mkojo, salbutamoli ya pumu na baadhi ya dawa za kushusha mafuta kwenye damu zinaweza kukaza misuli. Isoniazidi ya kifua kikuu inaweza kuleta ganzi, ndiyo maana hutolewa na vitamini B6. Wapanda mlima na wagumu (wabeba mizigo wao) wanaomeza asetazolamidi kwa ajili ya kimo cha mlima watasikia vidole vikiwashawasha. Hilo linajulikana na huisha dawa ikiisha. Usiache dawa yoyote mwenyewe, mwambie aliyekuandikia.

Diklofenaki imekuwa peremende. Haifungui msuli uliokaza, na kwa mwenye vidonda vya tumbo, presha, pumu au figo inaweza kuleta balaa kubwa kuliko mkono. Kwinini ilitumika zamani kwa misuli inayokaza. Kwa sababu ya madhara yake kwa moyo na damu, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2006 isitumike hivyo. Usinunue.

Ukifika hospitali

Nenda kama mkazo unarudi kwa wiki kadhaa hata baada ya kurekebisha kazi, kama ganzi haiondoki mchana, kama unaangusha vikombe, au kama nyama ya shina la gumba imebonyea ukilinganisha na mkono mwingine. Hiyo ya mwisho usiisubirishe, kwani msuli uliokwisha kukonda kwa kukosa neva haurudi kirahisi.

Anza zahanati au kituo cha afya cha karibu. Wenye bima wanahitaji rufaa kabla ya ngazi za juu. Mawenzi kwa Moshi na Mount Meru kwa Arusha ndizo hospitali za rufaa za mkoa, na KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo ya kanda. Nenda na maelezo manne: vidole gani, saa ngapi, kazi gani, dawa gani. Omba upimwe sukari; daktari ataamua kama kuna haja ya kupima kalsiamu, potasiamu, figo na tezi ya shingo. Uliza pia kama yupo mtaalamu wa mazoezi tiba.

Kidole kinachonasa na neva ya kifundo mara nyingi hujaribiwa kwanza kwa sindano ya kupunguza uvimbe. Mwenye kisukari aseme mapema, kwa sababu sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Isipotosha kuna upasuaji mdogo, kwa kawaida wa ganzi ya mkono tu, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na kazi nzito husubiri wiki nne hadi sita. Kwa hiyo kabla ya kupanga tarehe, mtafute mtu wa kukukamulia ng'ombe, na nguo za wateja zilizokwisha kupimwa zikabidhi kwa fundi mwenzako.